Kunyimwa Zamu, Kugongana na Kukosa Jibu: Kiswahili katika Kueleza Hitilafu za Kadi za Kompyuta Zinazotumia Njia Moja

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza hitilafu zinazotokea pale kadi kadhaa za kompyuta zinapotumia njia moja ya mawasiliano. Mfano mkuu ni VMEbus, mfumo uliotangazwa mwaka 1981, ambao kanuni zake za kupokezana njia zimeandikwa kwa kina. Hoja inayojengwa ni kwamba tafsiri mbili zinazojitokeza kwanza, yaani basi na usuluhishi, humwelekeza fundi mahali pasipo na tatizo. Ya kwanza humfanya afikirie gari badala ya barabara. Ya pili humfanya afikirie ugomvi uliokwisha kutokea badala ya ruhusa inayotolewa kabla ya matumizi. Kwa kutumia lugha ya kawaida ya barabara kuu katika njia panda ya Nyololo, makala inaonyesha kwamba neno zamu, pamoja na vitenzi vinavyoandamana nalo, hutenganisha hitilafu tatu ambazo kwa kawaida hupewa jina moja. Mwisho, makala inabainisha mipaka ya neno hilo na kupendekeza istilahi.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita zaidi katika lugha ya mtumiaji, yaani maneno anayoyaona kwenye skrini anapofungua faili, kuhariri matini au kuihifadhi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ni mfano mzuri wa kazi hiyo. Mjadala mrefu kuhusu kompyuta na tarakilishi nao unahusu jina la chombo, si mwenendo wake kinapoharibika. Lugha ya fundi, mtu anayefungua kifuniko ili ajue kwa nini mashine imesimama, haijapewa uzito huohuo.

Tofauti hiyo ina athari. Istilahi ya kwenye skrini ikiwa na walakini, mtumiaji hubonyeza, huona matokeo, na baada ya muda huzoea. Istilahi ya utambuzi wa hitilafu ikiwa na walakini, fundi hutafuta kosa mahali ambapo halipo. Kadi nzima yaweza kung'olewa na kuagizwa nyingine wakati kilichokosekana ni jampa moja ya kuunganisha pini mbili. Kwa hiyo ubora wa istilahi ya aina hii hupimwa kwa swali moja gumu kuliko ulaini wa matamshi: je, jina linamwongoza anayelitumia kwenye chanzo cha tatizo?

Nyololo ni mahali pafaapo kuanzia swali hilo. Ni njia panda katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ambapo barabara ya kwenda Mgololo, penye kiwanda cha karatasi, huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na hatimaye Zambia. Mabasi ya abiria, malori ya mizigo ya nje na magari ya mazao ya misitu na chai hukutana hapo. Mufindi ni wilaya ya viwanda vya chai na karatasi, na viwanda vya namna hiyo duniani mara nyingi hudhibitiwa kwa kadi za elektroniki zilizopangwa katika fremu moja. Wakati huohuo, ni mahali ambapo swali la nani apite kwanza lina lugha yake tayari: foleni, zamu, kupishana, kupokezana, kuchomekea. Makala hii haidai kwamba fremu ya aina fulani imefungwa katika kiwanda fulani. Inachodai ni kwamba lugha ya barabara ile inatosha kueleza kile kinachotokea ndani ya fremu.

2.0 Namna Kadi Zinavyopokezana Njia

Kabla ya kujadili maneno, ni muhimu kueleza jambo lenyewe. Katika mifumo inayozungumziwa, kadi hazijaunganishwa moja kwa moja. Kila kadi huchomekwa katika nafasi kwenye ubao wa nyuma, na ubao huo una nyaya sambamba zinazopita katika nafasi zote. Kadi ikitaka kusoma au kuandika katika kumbukumbu iliyo kwenye kadi nyingine, huweka anwani na data juu ya nyaya hizo. Kwa kuwa nyaya ni zilezile kwa wote, kadi mbili zikiandika kwa pamoja, data ya kila moja huharibu ya mwenzake. Lazima basi kuwe na utaratibu wa kuamua ni ipi itumie njia kwa wakati fulani.

VMEbus ilitangazwa na kampuni za Motorola, Mostek na Signetics, na baadaye ikawa kiwango rasmi cha IEEE namba 1014 cha mwaka 1987. Ubao wake wa nyuma unaweza kuwa na nafasi zisizozidi 21. Kadi iliyo katika nafasi ya kwanza, upande wa kushoto kabisa, ndiyo yenye kidhibiti cha mfumo, na ndani ya kidhibiti hicho mna sakiti inayotoa ruhusa ya kutumia njia. Makala hii inaiita sakiti hiyo kigawa zamu.

Ombi hutolewa kwa nyaya nne, BR0 hadi BR3. Kadi inayotaka njia hushusha volti ya mmojawapo. Kadi nyingi zaweza kuushusha waya uleule, na hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahaulika: kigawa zamu hakijui ni kadi ipi iliyoomba. Kinachojua ni kwamba katika ngazi ile ipo inayoomba. Kwa sababu hiyo ruhusa haitumwi kwa kadi fulani, bali huachiwa ipite kwenye mnyororo. Hutoka nafasi ya kwanza, huingia nafasi ya pili kwa pini ya kuingilia na, kama kadi ya hapo haikuomba, hutoka kwa pini ya kutokea na kuelekea nafasi ya tatu. Kadi ya kwanza kwenye mnyororo iliyoomba katika ngazi hiyo huizuia ruhusa isiendelee, huushusha waya wa BBSY kutangaza kwamba njia imeshikwa, kisha huondoa ombi lake. Ikimaliza kazi huuachia waya wa BBSY, na kigawa zamu huanza upya.

Kigawa zamu chaweza kufanya kazi kwa mojawapo ya taratibu tatu. Katika utaratibu wa kipaumbele, BR3 hutangulia BR2, na kuendelea hadi BR0. Katika utaratibu wa mzunguko, ngazi iliyotoka kuhudumiwa huenda mwisho wa mstari. Katika utaratibu wa ngazi moja, ni BR3 pekee inayosikilizwa. Kwa upande wa kadi, zipo zinazoachia njia mara tu zinapomaliza, na zipo zinazoendelea kuishika hadi nyingine iombe.

3.0 Basi: Gari au Barabara?

Neno la kwanza linalohitaji uchunguzi ni basi. Katika Kiswahili umbo hilo lina maana zisizohusiana: lipo basi la kukomesha au kuunganisha maelezo, na lipo basi la kubeba abiria. Kulitohoa tena kwa ajili ya njia ya data ni kuongeza homonimia katika umbo ambalo tayari lina mzigo. Hata hivyo, homonimia peke yake si kosa. Muktadha hutenganisha maana hizo bila shida. Hakuna fundi atakayedhani kwamba ndani ya fremu mna gari.

Tatizo liko katika sitiari. Asili ya neno ni Kilatini omnibus, lenye maana ya ‘kwa wote’, lililotumika nchini Ufaransa katika karne ya 19 kutaja gari la kubeba watu wa kila namna. Wahandisi wa umeme wakalitumia kwa upau wa chuma unaogawa umeme kwa sakiti nyingi, na kutoka hapo likaingia katika kompyuta. Kinachounganisha matumizi yote ni dhana ya ‘kwa wote’. Kiswahili hakikukopa dhana hiyo. Kilikopa gari lenyewe, pamoja na dereva, kondakta na mpiga debe wake.

Mwanafunzi anayesikia kwamba kadi inasubiri basi huchora akilini abiria aliyesimama Nyololo akisubiri gari la kwenda Mbeya. Katika picha hiyo, anayesubiri hana uwezo wowote, chombo kinatoka kwingine, na kikifika kinaweza kubeba abiria 50 kwa mara moja. Ndani ya fremu mambo ni kinyume. Kadi yenyewe ndiyo inayoendesha, kinachosubiriwa hakisogei, na kinaweza kuhudumia mmoja tu kwa wakati. Kadi hailingani na abiria bali na dereva, na nyaya hazilingani na gari bali na barabara.

Picha iliyo sahihi zaidi ni ile ya barabara kuu iliyofungwa upande mmoja kwa ajili ya matengenezo. Magari ya pande zote mbili yanalazimika kutumia upande uliobaki, na mtu mwenye bendera anaruhusu upande mmoja huku akiuzuia mwingine. Dereva hasubiri kubebwa. Anasubiri ruhusa ya kuingia kwenye njia ambayo ni ya wote lakini haiwezi kutumiwa na wote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, makala hii inapendekeza njia ya pamoja kuwa istilahi ya maelezo. Basi libaki katika majina maalumu na mahali ambapo ufupi unahitajika, mradi mwalimu awe amekwisha kueleza kwamba maana yake hapa ni barabara. Vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, iktisadi na uangavu, vinavutana hapa: basi lina iktisadi, njia ya pamoja ina uangavu. Katika lugha ya utambuzi wa hitilafu, uangavu ustahili kutangulia.

4.0 Usuluhishi, Uamuzi na Zamu

Neno la pili ni lile la tendo la kugawa njia. Katika Kiingereza tendo hilo huitwa kwa jina la kisheria, lile la kumpa mtu wa tatu mamlaka ya kukata shauri. Mfasiri anayefuata kamusi hufikia usuluhishi au uamuzi, na lugha ya sheria ya Tanzania inaonyesha jinsi maneno hayo yasivyotulia. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inatumia usuluhishi kwa utaratibu ambao mtu wa tatu hutoa uamuzi unaowafunga wahusika. Lakini katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, usuluhishi ni kuwasaidia wahusika wakubaliane, na uamuzi ndio unaofunga. Neno lililo na maana mbili katika fani yake linakuwa mkopo dhaifu kwa fani nyingine.

Zaidi ya hapo, pana tatizo la wakati. Suluhu, lenye asili ya Kiarabu, ni hali inayofuata mgogoro. Watu waligombana, kisha wakasuluhishwa. Hakuna suluhu kabla ya ugomvi. Katika njia ya pamoja, mgongano ukishatokea hakuna cha kusuluhisha. Data imekwisha kuharibika. Kigawa zamu kipo ili mgongano usitokee kabisa. Fundi anayeambiwa kwamba usuluhishi umeshindikana ataelekea kutafuta kadi mbili zinazogombana, ilhali katika hitilafu iliyo rahisi kuliko zote kadi moja imenyamaza ikisubiri ruhusa ambayo haitafika kamwe, na hakuna inayogombana nayo.

Neno uamuzi lina afadhali, kwa kuwa linaweza kutangulia tendo. Udhaifu wake ni kwamba linakomea kwa anayeamua. Halisemi lolote kuhusu safari ya uamuzi huo hadi kwa aliyeomba, na kama ilivyoonyeshwa, sehemu kubwa ya hitilafu hutokea katika safari hiyo.

Zamu linakidhi pale ambapo mengine yanapungua. Kwanza, linatangulia tendo: zamu hupangwa kabla ya kazi. Pili, lina mwanzo na mwisho. Anayeishika zamu anatarajiwa kuiachia. Tatu, lipo tayari katika maisha ya kila siku, kuanzia zamu za ulinzi hadi zamu za viwandani na hospitalini, na halihitaji kufundishwa. Nne, linakubali vitenzi vingi vinavyotaja kila hatua: zamu huombwa, hutolewa, hupitishwa, hushikwa, huachiwa, mtu hupewa zamu, hunyimwa zamu, hurukwa zamu yake au huingilia zamu ya mwenzake. Wingi huo wa vitenzi ndio msingi wa sehemu inayofuata.

5.0 Hitilafu Tatu Zenye Jina Moja

Prosesa inaposimama kwa sababu ya njia ya pamoja, ujumbe unaotolewa na programu mara nyingi ni mmoja: kosa la basi. Ujumbe huo hufunika hali tatu tofauti. Kiswahili cha zamu huzitenganisha bila kuunda neno jipya hata moja.

5.1 Kunyimwa zamu

Hali ya kwanza ni ya kadi iliyoomba na isipewe. Dalili yake ni kwamba waya wa ombi unabaki chini muda wote, na kadi hiyo haishushi BBSY kamwe. Vyanzo vyake ni vichache na vinajulikana.

Chanzo kinachokutwa mara nyingi ni mnyororo uliokatika. Nafasi isiyo na kadi haina kitu cha kuunganisha pini ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo ruhusa hufia hapo. Katika mbao nyingi za nyuma, nafasi tupu huhitaji jampa nne kwa ajili ya ngazi nne za ruhusa, na ya tano kwa mnyororo wa ishara za ukatizaji. Mbao nyingine hufunga mnyororo zenyewe pale kadi inapochomolewa. Dalili inayotambulisha mnyororo uliokatika ni ya kijiografia: kadi zote zilizo kushoto mwa nafasi tupu hufanya kazi, na zote zilizo kulia mwake hunyimwa. Jaribio lake ni rahisi. Kadi inayolalamika ihamishwe hadi jirani na nafasi ya kwanza. Ikianza kufanya kazi, yenyewe ni nzima, na kosa ni la njia ya ruhusa.

Chanzo cha pili ni kutokuelewana kuhusu ngazi. Kigawa zamu kikiwa kimepangwa kusikiliza BR3 pekee, na kadi ikawa inaomba kwa BR1, kadi hiyo inaomba kwa lugha isiyosikiwa. Hakuna waya uliokatika wala sakiti iliyoungua. Chanzo cha tatu ni kukosekana kwa kigawa zamu chenyewe, pale ambapo kadi ya nafasi ya kwanza haikuwashiwa kazi hiyo. Hapo hunyimwa wote, si mmoja.

Chanzo cha nne ni njaa ya zamu. Katika utaratibu wa kipaumbele, kadi ya BR3 inayoomba tena kila inapoachia yaweza kuizuia ya BR0 kwa muda usio na kikomo. Kila chombo ni kizima na kila kanuni imefuatwa. Kilichokosewa ni mpango. Dawa yake ni kuhamia utaratibu wa mzunguko au kugawa ngazi upya. Hata ndani ya ngazi moja upo upendeleo wa mahali: iliyo karibu zaidi na nafasi ya kwanza huizuia ruhusa kabla haijafika kwa wenzake wa kulia.

5.2 Kugongana

Hali ya pili ni ya kadi mbili zinazoamini kwa wakati mmoja kwamba zamu ni yao. Dalili yake hutofautiana na ya kwanza: mashine haisimami mahali pamoja, bali hutoa data isiyoaminika, leo hapa na kesho pale, hasa kazi inapokuwa nyingi.

Chanzo kimoja ni kinyume cha jampa iliyokosekana, yaani jampa iliyosahauliwa. Kadi ikichomekwa katika nafasi ambayo jampa zake hazikuondolewa, ruhusa huifikia na papo hapo huipita. Kadi hiyo na nyingine ya kulia mwake zikiwa zimeomba katika ngazi moja, zote mbili huiona ruhusa na zote huingia njiani. Chanzo kingine ni kuwa na vidhibiti vya mfumo viwili. Kadi nyingi za prosesa zina uwezo wa kuwa kidhibiti, na zikichomekwa mbili bila kuuzima uwezo huo kwa ile isiyo katika nafasi ya kwanza, fremu huwa na wagawaji wawili wa ruhusa na watoaji wawili wa mapigo ya saa. Barabarani ni sawa na wenye bendera wawili wasioonana, kila mmoja akiruhusu upande wake.

Ni hapa peke yake ambapo picha ya ugomvi iliyomo katika neno usuluhishi inalingana na hali halisi. Neno hilo si batili kwa mambo yote; linafaa kwa hitilafu moja kati ya tatu, na hatari yake ni kulazimisha nyingine mbili zionekane kama hiyo.

5.3 Kukosa jibu

Hali ya tatu si ya zamu kabisa. Kadi iliomba, ikapewa, ikashika njia, ikaweka anwani, na hakuna iliyoitika. Katika VMEbus kadi inayojibu hushusha waya wa DTACK. Usiposhushwa ndani ya muda uliowekwa, kipima muda cha mfumo hushusha BERR, na prosesa hupokea kosa. Sababu ni anwani isiyo na mwenyewe, kadi iliyopangiwa anwani tofauti na ile programu inayoitarajia, au kadi iliyokufa. Katika mfano wa barabara, dereva aliruhusiwa, akapita, akakunja Nyololo kuelekea Mgololo, akakuta lango la aendako limefungwa. Kumrudia mwenye bendera hakutamsaidia.

Mkanganyiko huzidi kwa sababu ya jambo moja la kiufundi. Kipima muda cha BERR huanza kuhesabu baada ya kadi kuanza kutumia njia. Kadi iliyonyimwa zamu haijaanza, kwa hiyo kipima muda hicho hakiihusu. Lakini kadi nyingi za prosesa zina kipima muda chao cha ndani, kinachokata subira kama ruhusa haiji, na baadhi yake huripoti tukio hilo kwa programu kwa jina lilelile la kosa la basi. Fundi anayesoma ujumbe peke yake hana namna ya kujua kama alinyimwa zamu au alikosa jibu. Mmoja anatakiwa kukagua jampa, mwingine anatakiwa kukagua anwani.

5.4 Maswali matano

Kutokana na hayo, utambuzi unaweza kupangwa kwa maswali matano, kila moja likiwa na kitenzi chake na waya wake wa kupimwa kwa osiloskopu. Je, kadi iliomba? Hupimwa BR. Je, zamu ilitolewa? Hupimwa pini ya kutokea ya nafasi ya kwanza. Je, ilifika? Hupimwa pini ya kuingilia ya nafasi ya kadi husika. Je, ilishikwa, na kwa kadi moja tu? Hupimwa BBSY pamoja na pini ya kutokea ya nafasi hiyohiyo, ambayo haipaswi kubeba ruhusa iliyozuiwa. Je, ilijibiwa? Hupimwa DTACK na BERR. Swali la kwanza litakalojibiwa hapana ndipo mahali pa hitilafu. Mfuatano wa vitenzi, kuomba, kutoa, kufika, kushika, kujibiwa, ni ramani ya sakiti yenyewe.

6.0 Uzalishi wa Istilahi

Istilahi inayopendekezwa lazima iweze kuzaa nyingine. Kwa jina la sakiti inayogawa, makala hii imechagua kigawa zamu badala ya mgawa zamu. Kiambishi m- huleta ngeli ya viumbe, ilhali Kiswahili kina mtindo imara wa kutaja ala kwa ki-, kama katika kipaza sauti na kikokotoo. Tofauti hiyo si ya urembo. Sentensi ‘mgawa zamu amechelewa’ huashiria mtu, na katika kiwanda chenye msimamizi wa zamu za wafanyakazi itazua utata; ‘kigawa zamu kimechelewa’ haina utata huo.

Kwa mpangilio wa ruhusa kupita kutoka kadi hadi kadi, mnyororo wa kupokezana unaeleza vizuri kuliko tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza, ambalo linatokana na shada la maua. Uzito wa istilahi uko katika kitenzi. Kupokezana kuna kiambishi cha kutendeana, na mzungumzaji hulielewa mara moja sharti lake: mmoja asipopitisha, waliobaki hawapati. Mnyororo peke yake huonyesha muunganiko; kupokezana huonyesha wajibu. Hata kadi isiyowahi kuomba zamu ina wajibu wa kuipitisha, na sharti hilo limo tayari ndani ya neno.

7.0 Mipaka ya Zamu

Zamu si neno lisilo na dosari. Katika matumizi ya kawaida linabeba dhana ya usawa: mwenye zamu yake atafikiwa, hata akichelewa. Dhana hiyo ni sahihi kwa utaratibu wa mzunguko, lakini si kwa utaratibu wa kipaumbele, ambamo hakuna ahadi yoyote kwa aliye ngazi ya chini. Anayesema ‘zamu yake haijafika’ anadokeza kwamba itafika, na fundi atakayeuamini udokezi huo atasubiri bure.

Barabara yenyewe hutoa msamiati wa kusahihisha hilo. Malori yanayojipanga kwenye mizani ya Makambako yamo katika foleni. Aliyetangulia kufika hutangulia kupimwa. Gari la wagonjwa halimo katika foleni, hupishwa. Foleni, zamu na kupisha ni taratibu tatu tofauti, na ni vyema mwalimu azitenganishe: foleni hufuata wakati wa kufika, zamu hufuata mzunguko, na kupisha hufuata cheo. VMEbus haina foleni kwa maana hiyo, kwa kuwa kigawa zamu hakikumbuki nani aliomba mwanzo. Kuiita foleni ni kuahidi haki ambayo sakiti haiitambui.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba katika lugha ya utambuzi wa hitilafu, istilahi ni sehemu ya vifaa vya kazi. Basi, lililokopwa pamoja na gari lake, huficha kwamba kinachogombewa ni barabara. Usuluhishi huficha kwamba hitilafu nyingi ni za ruhusa isiyofika, wala si za ugomvi. Zamu, likitumiwa pamoja na vitenzi vyake na kwa kuzingatia mipaka yake, hutenga kunyimwa zamu, kugongana na kukosa jibu, hali tatu zinazohitaji tiba tatu. Kinachopendekezwa kwa watunzi wa istilahi na waandishi wa vitabu vya ufundi ni kwamba kila istilahi ya hitilafu ijaribiwe kwa kumuuliza anayeisikia kwa mara ya kwanza: ungeanza kukagua wapi? Akielekeza kidole kwenye chanzo cha tatizo, istilahi inafaa kuingizwa katika matumizi. Akielekeza kwingine, itafutwe nyingine, hata kama ile ya kwanza imekwisha kuchapishwa.